Korosho nilizonunua zikiwa bado maua

Katikati ya Novemba, saa nne asubuhi, guta lilisimama mbele ya stoo yangu hapa Masasi. Juu ya magunia mawili ya korosho kakaa bibi mmoja, kajitanda khanga, mguu mmoja una kandambili na ya mguu wa pili kaishika mkononi maana ilikatika njiani. Katoka kijiji cha njia ya Lulindi. Kijana wa guta akamshusha kwanza yeye alafu ndo magunia.

Shikamoo bibi. Marahaba baba, za hapa.

Tukapandisha kwenye mzani. Gunia la kwanza kilo themanini na moja, la pili themanini kamili. Nikafungua daftari, nikatafuta jina lake, nikalipiga mstari, nikamwambia haya bibi, tumemalizana. Hakuondoka. Alirudi kwenye guta akavuta ndoo ya bluu ya lita kumi, zile ndoo zinazokuja na rangi ya nyumba, kaifunga mdomo kwa kipande cha khanga. Ndani korosho zimejaa mpaka juu.

"Hizi nimeongeza," akasema. "Za gunia la pili zilipata mvua kidogo, naona hazijakauka vizuri, zikikaa zitapungua uzito. Sitaki nife na dhuluma yako baba. Ndoo utaniletea ukipita."

Akapanda guta, akaondoka.

Mi nikabaki nimesimama pale na ile ndoo.

Mahesabu yenyewe

Wa kusini hamhitaji niwaeleze kangomba ni nini. Kwa wengine, ni kununua korosho za mkulima kwa bei ya chini nje ya mnada wa ushirika, mara nyingi kwa kumpa hela kabla ya mavuno. Mnajua imepigwa marufuku na mnajua inaendelea. Mimi nilikuwa naifanya. Sio kwa ukubwa, sina lori wala sina watu wa kunizungukia vijijini, nilikuwa na daftari moja na mtaji mdogo niliokuwa nauzungusha, na mikorosho yangu michache ambayo ndo ilikuwa inanipa jina pale AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, ili mzigo wa watu upite kama wangu.

Bibi alinifuata Julai 2024. Mjukuu wake, anayemlea yeye mwenyewe, alikuwa kachaguliwa kidato cha tano, shule imeshafunguliwa, wenzake wapo darasani na yeye yupo nyumbani hana godoro, hana sare, hana nauli. Mikorosho ndo kwanza inaanza kutoa maua. Nikampa laki mbili, makubaliano magunia mawili ya kilo themanini msimu ukifika. Ukigawa unapata shilingi 1,250 kwa kilo.

Oktoba mnada wa kwanza wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, bei ikavuka elfu nne kwa kilo. Nakumbuka siku ile meseji zilivyokuwa zinaruka kwenye magrupu, watu wanapongezana, na mimi nilishangilia, na nikiwa mkweli nilichokuwa nashangilia ni lile daftari. Baadaye minada ilivyoendelea bei ikalegea, mzigo wa bibi ulipokuja kulipwa nilipata elfu tatu na kidogo kwa kilo baada ya makato. Tofauti karibu laki tatu. Kwa bibi mmoja. Daftari lilikuwa na majina matano.

Hiyo ndo ilikuwa faida yangu, na juu yake ndoo.

Zile korosho za ndoo sikuziuza. Niliiweka kwenye kona ya stoo, palepale karibu na mlango, na kila asubuhi nikifungua ndo kitu cha kwanza kukiona. Ikapita wiki, zikapita tatu, Krismasi ikaja ikapita. Kile kipande cha khanga bado kimefungwa vilevile alivyofunga yeye, fundo mbili.

Mimi nilikuwa najinyima sana

Naomba hapa mnielewe, maana hapa ndo penye kiini cha hii makala yote.

Mimi sio mtu wa anasa. Pombe sinywi. Kwa miaka kama sita nilikuwa nakula mara moja mchana mzima, chai ya rangi na muhogo wa kuchoma saa tano, basi, mpaka jioni. Safari ya shilingi elfu ya boda nilikuwa naitembea kwa mguu. Nina mashati mawili ya kutokea. Kwaresma kwangu haikuwa na tofauti na siku nyingine kwa sababu nilikuwa nafunga mwaka mzima, na kanisani walikuwa wananitaja kwa vijana kama mfano wa mtu mwenye nidhamu, mtu aliyeukataa ulimwengu. Na mimi niliamini hivyo. Nilikuwa nasoma ile mistari ya kujikana na kubeba msalaba nikawa najiona nimo humo ndani.

Lakini nilikuwa najinyima kwa ajili ya nini?

Kwa ajili ya mtaji. Kila muhogo nilioula badala ya wali ulikuwa unaingia kwenye daftari, unageuka kuwa laki mbili, laki mbili inageuka kuwa magunia ya watu. Mtu anaweza kushinda njaa kwa ajili ya hela kuliko mtawa anavyofunga kwa ajili ya Mungu. Nimekuja kuliona hilo nikiwa na umri wa miaka arobaini na moja, na nimelelewa ndani ya kanisa.

Lilianzia kwenye jumuiya, Alhamisi moja ya Januari. Zamu ya kusoma ilikuwa ya katekista wetu mzee, macho yake hayaoni vizuri tena kwa hiyo anasoma polepole, kidole chini ya mstari, neno moja moja kama anahesabu mbegu. Marko sura ya 8. "Kwa kuwa itamfaidia mtu nini kuupata ulimwengu wote, akipata hasara ya nafsi yake?"

Mimi nimetoka stoo moja kwa moja, bado nina vumbi la magunia kwenye shingo. Nikasikia faida. Nikasikia hasara. Maneno ya daftari langu! Mstari nimeusikia tangu Sunday school na siku zote niliusikia kama neno la altareni, na Bwana kauongea kwa lugha ya mtu wa dukani, ya mtu wa mzani. Alafu mzee akarudia (huwa anarudia, mstari akiupenda) na safari hii nikasikia kitu kingine. Kuupata ulimwengu. Akipata hasara. Ni kupata na kupata.

Sijalala vizuri siku ile.

Hasara inapatikana lini

Siku zote nilikuwa nauelewa hivi: utachuma leo, siku moja utakufa utaviacha. Kupata kwanza, hasara baadaye. Na kwa upande huu wa nchi hilo halihitaji mahubiri, tunaliona kwa macho. Wazee wa Nachingwea watakwambia habari ya Waingereza na karanga zao, mradi ukaanza 1947, mashamba yakafunguliwa kwa matrekta, bandari ya Mtwara ikaanza kujengwa, reli ikalazwa, na 1951 mradi umekufa, na miaka ya 60 mwanzoni hata reli yenyewe ikang'olewa. Tumeona gesi ilivyopandisha bei ya viwanja Mtwara mjini, watu wakaota ndoto. Tumeona korosho ya 2018, watu wamekaa na magunia ndani mpaka jeshi likaja kuyasomba. Kwamba mali inapita, hata asiyesali anajua.

Kumbe mstari hausemi hivyo tu. Mtu yule anapata vyote viwili kwa pamoja, mkono mmoja unapokea ulimwengu na hasara inaingia palepale, siku ileile, kwenye muamala uleule.

Basi nikaanza kujiuliza, mimi hasara yangu niliipata lini? Nilidhani Novemba, pale kwenye mzani. Nikakaa nayo siku kadhaa, nikirudi nyuma, nikirudi nyuma, nikafika Julai.

Bibi kakaa kwenye benchi langu. Anaeleza habari ya mtoto, anaongea anaangalia chini, anavuta uzi kwenye pindo la khanga. Na mimi namsikiliza, natikisa kichwa, nasema pole bibi. Ndani yangu nikafurahi. Kidogo tu. Kile kifuraha cha mfanyabiashara akiona mtu ana shida ambayo haiwezi kusubiri, kwa sababu asiyeweza kusubiri hawezi kupatana bei.

Ndo pale.

Hela sijapata bado, korosho bado maua, mnada bado miezi mitatu, na nafsi nishaiuza. Shida ya mwanamke mzee ilikuwa imegeuka kuwa habari njema kwangu. Nimelitafutia jina lingine nimekosa.

Simjui mtu huyu

Usiku mmoja nikafungua tena ile sura, nikaanza juu kidogo, mstari wa 34. "Mtu yeyote akitaka kunifuata na ajikane mwenyewe." Ajikane. Nikalitafuna hili neno. Sisi tumezoea kusema kujinyima, tunayaweka pamoja kama mapacha, lakini kukana sio kunyima. Nani mwingine alikana kwenye Biblia?

Petro. Na ni Petro huyuhuyu, ambaye hapo Kaisaria Filipi mistari miwili mitatu nyuma alikuwa anamkemea Bwana asiende kuteswa. Mtu huyuhuyu baadaye uani kwa kuhani mkuu, anaota moto, kijakazi anamwambia wewe ulikuwa naye, na yeye anaapa kwamba mtu huyo simjui. Mara tatu mpaka jogoo kawika. Neno ni lilelile, ajikane na utanikana. Nilimuuliza padri wetu kama ni Kiswahili tu kimegongana, akaniambia hapana, hata kwenye Kigiriki cha Marko ni kitenzi kimoja.

Nikaweka kitabu chini.

Kwa hiyo anachokitaka Bwana ni kwamba lile alilolifanya Petro kwa Yesu pale motoni, mimi nilifanye kwa mimi. Yule mtu wa ndani anayefurahi bibi akiwa na shida, anaponiita, "oya, ni mimi, tumetoka mbali wote, tumekula muhogo pamoja miaka sita", nimwangalie usoni niseme simjui mtu huyu. Na nirudie, kwa sababu atauliza tena. Luka anaongeza "kila siku" kwenye ule msalaba, nadhani alimjua huyu mtu.

Na kujinyima hakumgusi kabisa. Ukijinyima kwa ajili yake unamlisha. Mimi tumbo langu lilikuwa tupu na yeye ananenepa.

Huku kwetu tukisikia kujikana akili inakimbilia kwa mashahidi. Watu wa Nyangao wanamsimulia Sista Walburga wa wakati wa Majimaji, tunasimuliana habari ya Askofu Cassian Spiss aliyeuawa Agosti 1905 upande wa Liwale na mabruda wawili na masista wawili, na ni habari kubwa na inastahili kusimuliwa. Ila zinatufanya tudhani kuna siku moja tutaulizwa, ya mkuki shingoni, na sisi tutajibu vizuri. Mimi nimeulizwa Julai, kwenye benchi la stoo yangu, na hapakuwa na mkuki.

Lakini

Nilikuwa na lakini nyingi sana, na nyingine bado ninazo.

Bibi alikubali mwenyewe. Hakuna benki ingemkopesha laki mbili kwa mikorosho yenye maua, na ningemkatalia mtoto asingeenda shule. Leo yupo shule. Hilo ni kweli na silifuti. Nimelibeba wiki nzima kama ngao, mpaka nikagundua kwamba laki mbili iliyompeleka mtoto shule ni kweli ilikuwa msaada, ila ile laki tatu ya juu haikumpeleka mtu popote, ilikuja kwangu, na mimi nilikuwa nimeifunika kwa sare ya yule mtoto.

Mke wangu nilipomwambia nataka kurudisha alikaa kimya alafu akasema, "Baba, na ada ya wa kwako?" Hakusema kwa ubaya. Ni swali la haki, na mwanamke huyu kala muhogo uleule na mimi. Kujikana kwangu kusije kukawa kuwakana wao. Tulibishana siku nne, na ya tano akasema mwenyewe, "Kama unarudisha rudisha, ila usiwe unazunguka na sura ya mtu mtakatifu humu ndani." Nimelishika hilo.

Kuna lakini nyingine inaniuma zaidi na lazima niiseme. Haya maneno yanatumika vibaya. Dada yangu alipigwa na mumewe kwa miaka, na alipokwenda kuomba msaada kwa watu wa kanisani alipokuwa anasali akaambiwa ajikane, abebe msalaba wake. Alitoka kwenye ile nyumba akiwa na mkono uliovunjika. Tangu hapo nilikuwa nikisikia mtu anahubiri kujikana nakunja uso. Na ukiangalia, wanaohubiriwa sana kuridhika ni watu kama yule bibi, ambao hawajajinyima chochote, wamenyimwa. Sio kitu kimoja! Aliyenyimwa hana cha kutoa sadaka, ameshachukuliwa, na anayemwambia jikane ni kama mimi ningemwambia bibi aongeze ndoo ya pili.

Ndo maana nashukuru limeandikwa "mwenyewe". Ajikane mwenyewe. Hakuna mahali nimeona wanafunzi wanatumwa kwenda kuwakana watu kwa niaba yao. Mwenye mkono juu ndo anaulizwa, na kwenye ile stoo mwenye mkono juu nilikuwa mimi.

Watu waliowahi kuwa na bei

Jumapili moja baada ya ibada nilibaki pale Mtandi, chini ya mlima. Watu wa hapa tunapita pale kila siku mpaka hatupaoni tena. Ila siku ile niliwafikiria watu wa kwanza. 1876 Askofu Steere wa Kianglikana alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakashukia Lindi, wakapanda kwa miguu. Wengi asili yao ilikuwa upande wa Nyasa na walikuwa wanatamani kurudi kwao, walipofika Masasi wakaona hapa patafaa, wakaweka mizigo chini. Soko la watumwa Unguja lilikuwa limefungwa miaka mitatu tu nyuma yake. Hawa ndo kanisa letu. Miaka sita baadaye likaja lile shambulio la Magwangwara, yaani Wangoni, vijiji vikachomwa, watu wakachukuliwa tena mateka, waliobaki wakaanza upya.

Walikuwa watu waliowahi kuhesabiwa kama mzigo. Waliwahi kuangaliwa na mtu anayepiga hesabu.

"Ama mtu atoe nini badala ya nafsi yake?" Nadhani waliposikia huu mstari hawakuusikia kama sisi. Walijua kabisa mtu akiwekewa bei inakuwaje, na walijua mnunuzi anakuwa na sura gani. Na mimi, mjukuu wa kanisa hilohilo, kwenye mji huohuo, nimekaa kwenye benchi nampimia bibi shida yake kwa kilo.

Sio utumwa, najua. Lakini ile sura ya mnunuzi niliitambua.

Mzee wa jirani

Aliyenisukuma mwisho hakuwa padri. Ni mzee jirani yangu, Muislamu, alishafanya biashara ya ufuta Lindi zamani, sa hivi anashinda kibarazani na tasbihi yake. Nilikaa naye jioni nikamzungushia, nikasema kuna mtu fulani alinunua korosho za mtu zikiwa maua, sasa anasali sana kuomba msamaha lakini moyo hautulii. Akaniangalia. Nadhani alijua mtu fulani ni nani.

"Anaomba msamaha kwa nani?"

Nikasema kwa Mungu.

"Ya Mungu Mungu atasamehe. Haki ya mja ipo kwa mja. Aende kwa mwenyewe."

Akarudi kwenye tasbihi. Hakuongeza neno.

Nikakumbuka Zakayo, ambaye aliposhuka toka kwenye mkuyu hakusema naomba maombi, alitaja hesabu. Nusu ya mali, na aliyenyang'anywa mara nne. Wiki kadhaa nilikuwa nalia kwenye magoti na daftari lipo kabatini.

Kurudisha ndoo

Nilienda katikati ya Februari, mvua zimekolea, boda ilikwama mara mbili njia ya Lulindi. Ndoo nimeishika mapajani na korosho zake zilezile, na ndani ya ndoo, kwenye mfuko, laki mbili na elfu tisini. Nilipiga hesabu nikatoa laki mbili yangu ya mwanzo, nikarudisha iliyobaki. Sio mara nne. Sijafika kwa Zakayo na sijui kama nitafika.

Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nilikuwa naogopa atalia, au atanishukuru sana mbele ya watu, na nilikuwa naogopa kwamba ndo ninachokitaka.

Nimemkuta anapalilia mahindi nyuma ya nyumba. Akanawa mikono, akanitolea kigoda, akaniuliza habari ya watoto. Nikampa ndoo. Akafungua fundo la kwanza, la pili, akaona korosho, akashangaa, akatoa mfuko, akaona hela.

Hakufurahi.

Alizishika vile mtu anavyoshika kitu cha moto. Akaniangalia alafu akaangalia mikorosho yake, ambayo msimu wake umepita na maua mapya ni mpaka katikati ya mwaka.

"Baba," akasema taratibu, "hizi ni za maua ya mwaka huu? Mbona mapema hivi. Mimi mwaka huu nilikuwa sitaki kukopa."

Yale maneno niliyotunga njia nzima yakaisha yote. Nikamwambia hapana bibi, hizi sio mkopo, ni za korosho za mwaka jana. Akasema za mwaka jana nilishazila mwezi wa saba. Nikamwambia ulikula kidogo, nyingine nilibaki nazo mimi. Akasema tulikubaliana. Nikasema ndio tulikubaliana, ila nilikudhulumu, nisamehe.

Akanyamaza muda mrefu. Nilikuwa nasikia mbuzi wa jirani tu.

Nilielewa pale kitu ambacho sikukielewa stoo. Nilidhani hasara yote ilikuwa ya nafsi yangu, jambo langu na Mungu wangu. Kumbe na yeye nilimharibia kitu. Nilimfundisha kwamba mkono wangu ukimfuata una hela, basi nyuma yake kuna magunia. Na kutoka Masasi mpaka pale hakuna hela niliyobeba ya kumrudishia hicho.

"Nimekusamehe," akasema mwisho. Alafu akahesabu zile hela, zote, noti moja moja, mbele yangu, kama mtu anayehakikisha. Nilifurahi kwamba alihesabu. Korosho za ndoo alikataa kuzipokea, akasema zile alizitoa yeye, hazikuwa za deni, akazimimina kwenye mfuko wangu wa salfa, ile dawa ya mikorosho, uliokuwa mtupu, akanifungia kwa kile kipande cha khanga. Ndoo akaigeuza akaangalia kitako kama haijapasuka, akamwita mtoto mdogo aliyekuwa anacheza pale akamwambia akaitege chini ya bati, wingu hilo linakuja.

Sijui kama nimefanya vizuri kuyaandika haya, maana imeandikwa mkono wa kushoto usijue. Nimeandika kwa sababu najua wangapi mnaosoma hapa mna daftari kama langu, na sijaweka jina la mtu.

Daftari bado lina majina manne. Wa pili ni baba mmoja wa huku njia ya Newala, yeye alinipa magunia matano, na hela yake sina yote, nina kama nusu. Mke wangu kasema tuuze mabati tuliyokuwa tumenunua ya chumba cha nyuma. Jumamosi naenda kwake na hiyo nusu.